Wasomaji Wauliza: Nyumba za Samora na Mitaa ya Jirani

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, iliyopigwa enzi ulipokuwa ukiitwa Independence Avenue, na barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji wengi wana uchungu na mtaa huo. Tunajibu tano kati ya hizo, tukifupisha maswali pale ilipolazimu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikuwa karani mjini Dar es Salaam kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani. Mwaka huu nimepita Samora na kukuta mkahawa wa Salamander haupo tena, pamesimama jengo refu lenye jina hilohilo. Mitaa ya India na Jamhuri nayo nimeona nyumba kadhaa nilizozifahamu zimeondoka. Je, nchi yetu haina sheria ya kulinda majengo ya zamani? – Msomaji, Songea

JIBU: Ndugu msomaji, sheria ipo, lakini imeandikwa kwa namna ambayo katikati ya Dar es Salaam panaponyoka karibu pote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo halina kinga mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanza mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale lililopo Barabara ya Sokoine, ambalo ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyosalia, ni la mwaka 1866 na 1867. Karibu mji mzima, basi, ulizaliwa upande usiolindwa wa sheria, na kila nyumba inasubiri tangazo lake yenyewe.

Majengo ya wakati wa Wajerumani yaliyo mikononi mwa Serikali na makanisa yamesalia kwa wingi: Kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Hospitali ya Ocean Road, na safu ya ofisi za upande wa Kivukoni. Nyumba za wafanyabiashara, zile za ghorofa mbili au tatu zilizojengwa na Wahindi hasa kati ya miaka ya 1920 na 1950, duka chini na familia juu, hazikupata mlezi wa namna hiyo, na ndizo zinazoondoka.

Hata hivyo sheria hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kubwa, ni umiliki na kodi ya pango. Mwezi Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yaliyokuwa yakipangishwa na yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na usimamizi wake ukakabidhiwa Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kukomesha unyonyaji wa wenye nyumba mijini, na wapangaji wengi walipumua kwelikweli. Lakini kodi iliendelea kushikiliwa chini mwaka baada ya mwaka, wakati saruji, rangi na mabomba vilipanda bei na mara nyingine kuadimika kabisa, hivyo nyumba ikawa inakusanya fedha zisizotosha kurekebisha hata paa lake. Ubovu huanza taratibu. Maji ya mvua hupenya kwenye zege la roshani, nondo za ndani hushika kutu na kutanuka, na zege hupasuka kwa nje. Anayepita chini huona kwanza mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, kisha lipu hudondoka vipande vipande, kisha nondo hubaki wazi. Mtaa wa Zanaki nimeona roshani za namna hiyo zikiwa zimeegemezwa kwa miti, huku nguo zikiendelea kuanikwa juu yake.

Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu mwaka 1962, na Shirika likajikuta limeshika nyumba chakavu zilizokaa juu ya viwanja vya bei ghali kuliko vyote nchini. Njia iliyochaguliwa ilikuwa ubia: Shirika linatoa kiwanja, mwekezaji analeta mtaji, nyumba ya ghorofa mbili inavunjwa, na mahali pake panapanda jengo la ghorofa kumi au zaidi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, na ile ya mwaka 2008 ilipomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, biashara hiyo ilizidi kuwa na faida.

Silaumu hamu ya kutafuta mapato, kwa sababu nyumba isiyojilipa huanguka yenyewe. Ninachosikitikia ni kwamba hesabu zilipigwa kiwanja kwa kiwanja, wala hazikupigwa kwa mtaa mzima. Mabomba ya maji taka yaliyotandazwa kwa ajili ya familia nne sasa yanabeba familia hamsini, na mtaa uliotosha mikokoteni na magari machache unategemewa na majengo marefu ya pande zake zote mbili kwa maegesho, zimamoto na takataka. Ghorofa za chini za majengo mengi mapya ni maegesho ya magari, kwa hiyo mtembea kwa miguu anapita kando ya ukuta na geti, pale ambapo zamani palikuwa na milango mitatu ya duka na mwenye duka anayelala juu yake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Baada ya msiba ule watu wengi walianza kuuliza kwa sauti maswali ambayo wakazi wa Kisutu na Kitumbini walikuwa wakiulizana barazani.

SWALI: Mimi nina fremu ya vifaa vya simu Kariakoo. Baba yangu husema zamani mtu akitaka kitu kizuri alivaa vizuri akaenda Samora. Maduka hayo yalihamia wapi? – Msomaji, Ilala

JIBU: Baba yako anasema kweli, ila maduka hayo hayakuhama kwa siku moja wala kwa sababu moja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki binafsi zilitaifishwa, na biashara ya jumla ikaingia mikononi mwa mashirika ya umma. Wengi wanakumbuka maduka ya RTC, yaani kampuni za umma za biashara za mikoa, na foleni zake. Miaka ya mwanzo ya 1980 madirisha ya Samora yalikuwa na vioo safi na bidhaa chache sana nyuma yake. Biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka hiyo, bidhaa zilirudi, lakini zilirudi kwa mlango wa Kariakoo, ambako kodi ilikuwa nafuu, mabasi ya mikoani yalikuwa karibu, na mnunuzi wa jumla alipata kila kitu ndani ya mitaa michache.

Samora ikaokolewa kwa muda na benki. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu tena benki binafsi, na duka lililokuwa la vitambaa likawa ukumbi wa kaunta na kiyoyozi. Kisha mwaka 2008 ikaanza huduma ya kutuma fedha kwa simu, na kwa miamala midogo mteja akajikuta hana haja ya kupanda daladala kwenda mjini, kwa kuwa wakala yupo mlangoni kwake. Mlimani City ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 2006 na kuwachukua wanunuzi wenye magari. Kuanzia mwaka 2016 wizara zilianza kuhamia Dodoma kwa kasi, nazo ndizo zilizokuwa zikileta maelfu ya watumishi wanaonunua gazeti asubuhi, chakula mchana na viatu mwisho wa mwezi. Mama lishe na mng'arisha viatu waliliona pengo hilo kabla ya mchumi yeyote. Oktoba 2021 wamachinga nao waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Njia zikapitika, jambo ambalo wazee na watu wenye ulemavu walilihitaji, lakini wateja waliokuja kwa ajili ya meza zile hawakugeuka wakaingia madukani.

Kilichobaki ni biashara za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayotaka ujuzi au uaminifu wa miaka mingi: wapima macho, maduka ya dawa, mafundi suti, masonara wa upande wa Kisutu, na duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) la Samora, ambalo nalitaja kwa furaha. Ya pili ni biashara yako wewe. Duka moja la zamani lenye dari refu hugawanywa kwa mbao na vioo kuwa fremu nne au tano, kila moja na kaunta ya upana wa mikono miwili, makava ya simu yamening'inia mpaka juu, na fundi amekaa nyuma na taa yake ya kuchomelea. Mpangaji mkuu analipa kodi moja na kukusanya nyingi, na anayeingia hulipa kilemba, yaani fedha za kupewa nafasi, kabla hajauza chochote. Mpangilio huo unawapa vijana pa kuanzia, jambo zuri, lakini unamfanya mpangaji mkuu apate faida zaidi kwa kugawa kuliko kwa kutengeneza, na mwenye jengo naye hafahamu hali halisi ya nyaya za umeme zilizoongezwa ndani. Ukichukua fremu katika nyumba ya zamani, tazama kwanza kisanduku cha umeme, ndipo uzungumzie kilemba.

SWALI: Kwa nini mtaa huu uliitwa Samora, na kabla ya Independence Avenue uliitwaje? – Mwanafunzi, Kidato cha Tatu, Morogoro

JIBU: Wajerumani waliuita Unter den Akazien, na Waingereza wakauita Acacia Avenue, kwa miti iliyopandwa kandokando. Baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, na baadaye ukapewa jina la Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Uhusiano wake na Dar es Salaam ni wa kweli: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilianzishwa jijini humo mwaka 1962. Ukiutembea mtaa huo utakutana na Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwisho wake wa upande wa Mtaa wa Uhuru upo Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji.

SWALI: Nasomea usanifu majengo. Nikiwa barabarani, bila ramani wala hati, nitajuaje jengo ni la miaka gani? – Msomaji, Mwenge

JIBU: Inua macho juu ya kibao cha duka. Chini kila kitu kimebadilishwa mara nyingi, lakini juu ya kibao watu hawakuwa na sababu ya kugusa. Nyumba nyingi za wafanyabiashara zina mwaka uliochongwa kwenye lipu ya kilele, wakati mwingine pamoja na jina la mwenye nyumba, na kwa kuwa umefunikwa na chokaa ya miaka mingi, husomeka vizuri zaidi jua linapokuwa ubavuni, asubuhi mapema au alasiri.

Mwaka usipoonekana, soma umbo. Kuta nene za mawe ya matumbawe, varanda pana na matao ya duara ni dalili ya wakati wa Mjerumani. Nguzo ndogo za saruji kwenye roshani, maua ya lipu na madirisha marefu ya mbao yenye vipande vya kupitisha hewa hukuelekeza miaka ya 1920 na 1930. Pembe ya jengo ikiwa imeviringwa mahali mitaa miwili inapokutana, na bapa jembamba la zege likikimbia juu ya madirisha yote kama kofia, huenda umefika mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950. Tofali za matundu na mapezi ya zege ya kukinga jua ni za miaka iliyozunguka uhuru. Vioo vya buluu vilivyofunika uso mzima ni vya miaka ya 1990 na kuendelea, na hapo utaona pia mashine za kiyoyozi, kwa sababu majengo hayo hayakupewa njia nyingine ya kupoa. Wale wa zamani walijua jua linatoka wapi. Naomba wewe na wenzako, mtakapoanza kuchora, mlichukue hilo hata kama hamtaokoa nyumba yoyote.

Kwa mafunzo zaidi nenda Boma la Kale, ambako kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam chenye maonesho juu ya historia ya ujenzi wa jiji.

SWALI: Babu yangu alikuwa na nyumba Mtaa wa India, ikachukuliwa mwaka 1971, na familia ikahamia Kanada. Hatudai mali. Tunataka tu kujua kama nyumba bado ipo, na kama ramani yake inaweza kupatikana, ili watoto waione. – Msomaji, Toronto

JIBU: Ndugu yetu, nakuelewa, na barua kama yako imetufikia zaidi ya mara moja. Sheria ya 1971 ilitoa fidia kulingana na umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu, ndiyo maana familia nyingi ziliondoka zikiwa na karatasi chache sana. Hata hivyo nyumba yenyewe iliacha nyayo katika ofisi nne. Hati na historia ya umiliki zimo katika masjala ya Msajili wa Hati. Nyumba zilizotwaliwa zilipitia kwa Msajili wa Majumba, na majalada ya kazi hizo yakarithiwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Michoro ya ujenzi iliyoombewa kibali wakati wa Mwingereza itafutwe katika Idara ya Nyaraka za Taifa, Upanga, na katika halmashauri ya jiji.

Kabla ya kuandika, kusanya kila karatasi ya zamani mliyonayo: stakabadhi ya kodi ya ardhi, bima, hata bahasha yenye sanduku la posta la babu. Namba ya kiwanja na ya kitalu ina manufaa kuliko jina la mtaa, kwa kuwa mitaa kadhaa ya eneo hilo ilibadilishwa majina na milango ikapewa namba mpya, na barua inayotaja anwani ya zamani peke yake ni vigumu kuioanisha na jalada. Ukipata namba hiyo, tuandikie tena, nasi tutamtuma mpigapicha wetu Mtaa wa India akapige picha ya kiwanja, kiwe bado na nyumba ya babu yako au kiwe na jengo jingine.