Sukari ile si ya utamu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Uliniuliza kwenye simu: "Mama, ulisomea udaktari, mbona ukafundisha fiziolojia, elimu ya utendaji wa mwili, miaka 29 badala ya kutibu? Hujuti?" Najua umeitiwa kazi ya uhadhiri na moyo wako haujatulia. Siku ile wageni walijaa ndani, sikukujibu vyema. Leo nimekaa dakani, mtaani Langoni kumetulia, niandike.

Nilipokuwa mwanagenzi wodini, alikuja mama na mtoto wa kuhara. Nikamwagiza: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Siku ya tatu akarudi. Macho ya mtoto yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Sukari ilikuwa imemwishia, akatia chumvi peke yake. "Nilidhani ni ya utamu tu, daktari."

Sikuwa na la kumjibu. Mtihani niliufaulu kwa kukariri vipimo; sababu yake sikuwa nayo. Mtoto alipona kwa dripu, alhamdulillahi, lakini maneno ya yule mama yalinikaa.

Nikarudi vitabuni. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba mna vipitishio vinavyoingiza sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, na glukosi, inayotokana na sukari, kwa pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja. Mmoja akikosekana, mwenzake habebwi. Zikishaingia, maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza ubebaji huu wa pamoja mjini Prague mwaka 1960. Na kipindupindu, pamoja na ukali wake wote wa kumkausha mtu, hakiviharibu vipitishio hivyo; ndiyo maana mgonjwa anaharisha na bado maji ya kunywa yanamwokoa.

Basi kila mwaka, mbele ya wanafunzi wapya, nilikoroga maji yale kwenye jagi nikauliza: sukari ya nini? Darasa zima: "Ladha!" Nikampa chaki mmoja wao achore ukuta wa utumbo, tukaanza kutafuta mlango. Saa nzima ikaisha hapo. Sikuwahi kuichoka saa ile, Zuhura, hata mara moja. Nilikuwa nikiwaangalia nikijua kila mmoja wao atakaa siku moja mbele ya mama kama yule, na atakuwa na jibu.

Kuhusu kujuta. Wenzangu walifungua kliniki wakajenga. Mimi nilisahihisha karatasi mpaka usiku wa manane. Hayo hayaniumi. Kinachoniuma ni kwamba wagonjwa niliwaacha kabisa. Mzee wa jirani alipozidiwa usiku mmoja, nilimshika mkono kutafuta mshipa wa kumtilia dripu, vidole vikababaika. Nikajua kila kitu kilichokuwa kikitendeka mwilini mwake, moyo, figo, presha, na mshipa sikuupata. Aliupata nesi kijana.

Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, waulize kama watakuachia siku moja ya wodi kila wiki, na iandikwe kwenye mkataba. Mimi sikuuliza.

Mamako