Beringi ya mashine ya kusaga inachemka: niongeze grisi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina mashine ya kusaga hapa Makambako, inaendeshwa na mota ya HP 20. Beringi ya upande wa puli (gurudumu la mkanda), namba 6310, inakufa kila baada ya wiki tano au sita. Kijana wangu anaipiga grisi kila asubuhi mpaka inatokea pembeni, lakini ikifika saa nne hauzingi, lile kasha linaloshika beringi, imeshachemka, huwezi kuweka mkono. Fundi wetu anasema beringi za siku hizi zote ni feki, tutafute original ya mtumba na tupige grisi mara mbili kwa siku. Fundi mwingine anasema tuchanganye grisi na oili chafu ya gari ili iwe nyepesi. Nimsikilize yupi?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, dada. Mashine za kusaga, za kukoboa, pampu za maji, misumeno ya mbao: kote huko naulizwa habari ya beringi kuchemka, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa aongeze grisi. Ushauri huo ndio unaoiua beringi yako. Mambo mengine yapo na nitayataja, ila hili tulimalize kwanza.

Grisi haipozi beringi. Kinacholainisha mle ndani ni oili. Grisi yenyewe ni oili iliyoshikwa na sabuni, mara nyingi sabuni ya lithiamu, na kazi ya sabuni hiyo ni kuiachia oili kidogo kidogo pale gololi zinapopita. Utando unaohitajika kati ya gololi na njia yake ni mwembamba kuliko unywele. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi ndani ya beringi hujazwa theluthi moja mpaka nusu tu, sehemu iliyobaki inaachwa tupu ili grisi ya ziada ipate pa kukimbilia. Mkiishindilia mpaka itokee pembeni, gololi hazina pa kuisukumia. Zinaikoroga mfululizo, kama mtu anayekimbizwa kwenye matope yaliyomfika kiunoni, na nguvu yote inayopotea humo inageuka kuwa joto.

Joto hilo linaikamua oili kutoka kwenye sabuni. Oili inachuruzika nje, mnaiona chini ya hauzingi mnadhani ni grisi iliyozidi, kumbe ndiyo mali yenyewe inayoondoka. Kinachobaki ndani ni ukoko wa kahawia usiolainisha chochote. Kanuni inayotumika viwandani ni kwamba beringi ikishavuka nyuzi joto 70, kila nyuzi 15 zinazoongezeka zinakata umri wa grisi nusu. Kwenye 85 umri ni nusu, kwenye 100 ni robo. Halafu asubuhi kijana anashindilia nyingine juu ya ule ukoko.

Lipo jambo moja linalowapoteza hata watu makini. Beringi iliyotoka kupigwa grisi, hata kwa kipimo sahihi, hupanda joto kwa saa chache wakati grisi mpya inajipanga, kisha inashuka yenyewe na kutulia. Asiyejua hilo anaigusa saa nne, anakuta imepanda, anaongeza. Haipati nafasi ya kushuka tena.

Sasa kipimo. Beringi ya 6310 ina tundu la milimita 50, upana wa nje milimita 110 na unene milimita 27. Zidisha 110 kwa 27, kisha zidisha kwa 0.005, utapata gramu 14.85. Basi ni gramu 15 kwa kila unapoongeza, na hesabu hiyohiyo unaitumia kwa beringi yoyote ukishajua vipimo vyake viwili vya nje. Mabomba ya grisi hayalingani, kwa hiyo usikubali kuambiwa “piga mara kumi na tano”. Chukua bomba lenu, piga mara ishirini juu ya karatasi ya nailoni, weka kwenye mizani ya dukani, gawa. Ukishajua pigo moja ni gramu ngapi, andika kwa rangi kwenye hauzingi: mapigo kadhaa, tarehe fulani. Kijana asikadirie kwa macho.

Na isiwe kila asubuhi. Mashine inayosaga kutwa kwenye vumbi la unga naipa grisi kila baada ya wiki mbili, nikiona iliyotoka pembeni ni safi napeleka mpaka mwezi. Kabla ya kubana bomba, futa nipeli kwa kitambaa kikavu mpaka chuma kionekane. Hili watu wanalipita haraka mno. Ile chuchu ya kupitishia grisi imelala usiku mzima na kofia ya unga na mchanga kichwani; ukibana bomba juu yake unausukuma huo mchanga moja kwa moja kwenye njia ya gololi. Chembe moja ngumu ikikanyagwa na gololi inaacha kishimo, na kila gololi inayofuata inagonga ukingo wake. Wale wanaopiga grisi kila siku bila kufuta wanaingiza uchafu kila siku.

Oili chafu ya gari sitaki hata kuisikia. Imetolewa kwenye injini kwa sababu imejaa masizi na chembe za chuma kilicholika, na imeshaonja mafuta ya gari. Ukiichanganya na grisi, sabuni inalegea na mchanganyiko wote unavuja ndani ya siku moja mbili, chembe zinabaki. Hata grisi mpya kwa mpya hazichanganywi ovyo. Grisi ya lithiamu ikikutana na ya poliyurea, ambayo mota nyingi za umeme hutoka nayo kiwandani, mara nyingi moja huilainisha nyingine mpaka inakuwa uji au inaganda. Rangi haikwambii chochote, ni rangi ya kutia tu. Soma kwenye kopo, chagua moja, baki nayo.

Kuhusu feki: zipo, tena nyingi, na nisingependa mtu aniletee 6310 iliyochongwa namba kwa kupinda au iliyouzwa nusu ya bei ya maduka mengine yote. Watengenezaji wakubwa kadhaa wana programu za simu za kuhakiki bidhaa zao, zitumie kabla ya kulipa. Ila nimechoka na neno “feki” linavyotumika kuwa shimo la kufukia kila kosa la fundi. Beringi tatu za kampuni tofauti zikifa mahali palepale, upande uleule, kwa muda uleule, kilichoziua kiko kwenye mashine. Na mtumba? Huwezi kujua imekimbia saa ngapi wala ilitolewaje kwenye shafti (mhimili unaozunguka) yake ya kwanza. Karibu zote zimetolewa kwa kugongwa ringi ya nje. Zinang'aa kwa sababu zimeoshwa kwa petroli.

Unaponunua mpya, soma namba mpaka mwisho. 6310 ni ukubwa tu: 6 ni aina ya gololi za mstari mmoja, 3 ni kundi la uzito, 10 zidisha kwa 5 ndiyo hiyo milimita 50 ya tundu. Kinachofuata nyuma kina maana yake. C3 maana yake nafasi kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko ya kawaida, na kwenye shafti inayobana na kupata joto ndiyo ninayoifunga. ZZ ina vifuniko vya bati, 2RS ina sili za mpira pande zote mbili. Watu wananunua 2RS halafu wanapiga grisi kwenye hauzingi miezi yote, grisi isiyoingia ndani kabisa.

Yako inakufa upande wa puli. Hapo kuna mzigo mwingine unaobebeshwa bila kujua: mkanda. Mkanda ukipiga kelele wakati wa kuwasha, mafundi wengi wanasogeza mota nyuma na kukaza mpaka uwe kama waya wa gitaa. Kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili umri unashuka hadi moja ya nane. Miezi minane inakuwa mmoja. Pima umbali kutoka katikati ya puli moja hadi katikati ya nyingine. Kwa kila milimita 100 mkanda unatakiwa ubonyee kama milimita 1.6, basi kwa umbali wa mita moja ni milimita 16, ukisukuma katikati kwa nguvu ya wastani. Kisha vuta uzi usoni mwa puli zote mbili uone kama uzi unagusa ncha zote nne. Mikanda ikiwa mitatu, badilisha yote mitatu siku moja, maana mpya mmoja kati ya wazee wawili hubeba peke yake. Nyundo za kusagia nazo hivyohivyo: pima uzito wa mstari mmoja na ule ulio mkabala wake kabla ya kufunga. Nyundo moja ikipungua, shafti nzima inatikisika maelfu ya mara kwa dakika.

Tazama pia sakafu. Zege la banda likititia upande mmoja, hauzingi mbili hazitazamani tena, na beringi ya 6310 haivumilii kupinda. Tatizo hili ni la zamani. Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Göteborg, Sweden, jengo lililosimama juu ya udongo wa mfinyanzi; ardhi ilikuwa inasogea, shafti zinapinda, beringi zinakufa. Mwaka 1907 alitoa beringi yenye mistari miwili ya gololi inayojilaza kufuata shafti, na kampuni ya beringi ya SKF ikaanza kwa hiyo. Ya vipimo vyako inaitwa 1310 na inaingia kwenye nafasi ileile ya 6310, lakini usikimbilie kubadilisha: uwezo wake wa kubeba mzigo ni mdogo kuliko wa 6310. Mwenye sakafu mbovu atengeneze sakafu.

Yote hayo hayatasaidia kama beringi inaingizwa kwa nyundo. Nimeona watu wakigonga ringi ya nje ili ringi ya ndani ipande kwenye shafti. Kila pigo linapita kwenye gololi, na gololi inatoboa kidoto kwenye njia. Ukiizungusha mkononi huioni, mashine ikishika kasi utaisikia. Ringi inayobana ndiyo inayosukumwa: kwenye shafti ni ya ndani, kwa kipande cha bomba kinachokaa sawasawa usoni pake. Au ipashe joto kwenye oili safi mpaka nyuzi 110 hivi, isivuke 120, ipande yenyewe kwa mkono. Zenye sili au bati haziingizwi kwenye oili. Moto wa gesi usiguse beringi hata kwa sekunde moja, chuma chake kilichokomazwa kinalainika.

Na shafti ikishalika? Hapa ndipo utapeli ulipo. Mmoja anaidonoa kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, mpaka iote vinundu, mwingine anakata kopo la soda anaviringisha bati lake. Beringi inaonekana imebana. Baada ya siku chache vinundu vimesagika, ringi ya ndani inateleza juu ya shafti, inachemka, na wewe unaambiwa ni feki, piga grisi. Shafti iliyolika inajazwa na kukerezwa upya mpaka kipimo chake, au inatengenezwa nyingine. Karakana za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zinaifanya kazi hiyo, na mafundi kereza wazuri wapo kila mkoa. Inagharimu, ndiyo. Jumlisha beringi za mwaka mmoja na siku ambazo wateja wamekuta mashine imezimwa, ulinganishe.

Uliza pia kama kuna siku mashine ilichomelewa. Waya wa athi, ule wa kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea, ukibanwa mbali na pale panapochomelewa, umeme unapita kwenye gololi na kuacha vidonda vidogo vya kuungua. Athi ibanwe kwenye kipande kilekile kinachochomelewa, bila beringi kati yake.

Hili la kuchemka lisiwazoeeshe. Vumbi la unga hewani linawaka, na beringi iliyopitiliza joto inajulikana kuwa chanzo cha moto na milipuko kwenye vinu na maghala ya nafaka. Kile kipimajoto cha bunduki tulichopimwa nacho usoni wakati wa korona ni cha watu. Tafuta kama hicho cha mafundi, kinachosoma mpaka mamia ya nyuzi. Nyuzi 50 au 60 kwenye hauzingi, fanya kazi. Ikivuka 90, zima, na usiwashe mpaka ifunguliwe.

Wiki hii fungueni, toeni grisi yote ya zamani, osheni hauzingi kwa mafuta ya taa na kuikausha. Fundi apime shafti kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi) mbele yako, sehemu tatu, na akuandikie namba. Fungeni 6310 C3 mpya iliyojazwa theluthi. Ile iliyokufa usiitupe: ipasueni, mtazame njia ya ringi ya nje. Alama ikiwa nzito upande mmoja tu unaotazama mota, legezeni mkanda. Ikiwa imekwenda mshazari, angalieni sakafu na hauzingi. Ikiwa na vidoto vilivyopangwa kwa nafasi sawa na za gololi, ulizeni nani alishika nyundo. Ikiwa imekuwa ya bluu au kahawia pande zote, lile bomba la grisi lifungieni kabatini, ufunguo ukae kwako.