Kabla Hujachora Ramani ya Kijiji cha Mto Kosi

Ninyi mnaojiandaa kwenda Bihar, kaskazini mwa India, kwa mafunzo ya jiografia ya vijijini, pokeeni maneno haya kutoka kwa mtu aliyekaa miezi 10 katika kijiji kilichomo kati ya matuta ya mto Kosi, yaani kuta ndefu za udongo zilizojengwa kandokando ya mto. Nilifika Februari nikiwa na ramani iliyochapishwa vizuri, na siku ya kwanza nikamwuliza mzee aliyenipokea ni umbali gani kutoka kwake hadi sokoni. Naye akaniuliza: umbali wa mwezi gani? Wakati wa ukavu watu huenda sokoni kwa miguu wakikatiza mchanga, lakini mwezi wa Agosti safari hiyo hiyo hudai mashua mbili na karibu nusu siku ya kungoja. Kila umbali mtakaouandika, uandikieni na msimu wake.

Someni tabia ya mto kabla ya kusoma kijiji. Kosi hukusanya maji ya mito saba inayokutana Nepal, mingine ikitokea Tibet, na hushuka kutoka Himalaya ukiwa na mchanga na tope jingi ambalo hauwezi kuendelea kulibeba ukishafika tambarare. Tope hilo likituama, sakafu ya mto huinuka, na maji hutafuta njia nyingine. Ndivyo mto ulivyohama takriban kilomita 120 kuelekea magharibi kwa muda wa miaka 200 na zaidi. Matuta yaliyoanza kujengwa mwaka 1955, pamoja na ukuta wa kudhibiti maji wenye milango 56 karibu na mpaka wa Nepal, yalikusudiwa kuukomesha uhamaji huo. Yamewakinga wengi, ila mamia ya vijiji yalibaki ndani, na tope lililokuwa likitawanyika mashambani sasa hurundikana baina ya tuta na tuta, hata mahali pengine mto umekuwa juu kuliko ardhi ya nje. Tarehe 18 Agosti 2008 tuta lilipobomoka huko Kusaha, upande wa Nepal, maji yalirudia mkondo wa kale na kuwakumba watu zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo mkitaka kujua mtu anayaonaje matuta, anzeni kumwuliza nyumba yake iko upande gani.

Nyumba zenyewe ni za mianzi iliyokandikwa udongo, kwa sababu nyumba ya namna hiyo hufunguliwa na kubebwa. Mama mwenye nyumba niliyoishi alinihesabia kuhama mara saba. Alfajiri wanawake hukanda samadi ya ng'ombe kuwa vibonge viitwavyo goitha, vikauke viwe kuni. Kazi hii msiipite haraka, maana ndiyo nishati ya jiko kwa miezi ambayo kila kitu kimelowa. Wanawake wengi hawatazungumza kwa uhuru na mwanamume mgeni, hivyo nendeni na mwenzenu wa kike.

Vijana wengi wa kiume wako Punjab na Delhi kutafuta vibarua. Hurudi kwa sikukuu ya Chhath, siku ya sita baada ya Diwali, ambapo waliofunga husimama ndani ya maji wakilielekea jua linalotua, kisha kesho yake linalochomoza. Ni wakati mzuri wa kuwakuta vijana hao nyumbani, lakini kuwahoji watu katika siku zenyewe za ibada ni utovu wa adabu, subirini zipite.

Kihindi kitawafikisha kijijini, ila nyumbani huzungumzwa Kimaithili. Jifunzeni mapema neno diara, yaani ardhi ya mchanga inayoachwa na mto na kulimwa hadi mto uichukue tena. Mtafurahi kusikia watu wakihesabu kwa laki kama sisi. Vipimo vya ardhi, bigha na katha, hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, nami nilipoteza wiki mbili za hesabu kwa kutouliza.

Nilipoondoka Novemba, nyumba nne kati ya zile nilizochora zilikuwa zimeshahamishwa. Nilitaka kuzifuta, yule mzee akanisihi niziache, niandike tu mwaka kando ya kila moja.