Nina mshahara, nina nyumba: je, ninastahiki zaka?

SWALI

Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni moja hapa Mombasa, na nimeitumikia kwa miaka 11. Mwaka jana sisi wafanyakazi wa kudumu tuliitwa mmoja mmoja, kila mtu akawekewa barua mbili mezani: ya kwanza inasema amejiuzulu kwa hiari yake, ya pili inamwajiri kwa mkataba wa miezi 6 kupitia wakala. Meza ni ile ile na kazi ni ile ile, lakini mshahara wangu umeshuka kutoka shilingi 68,000 hadi 41,000, na bima ya matibabu ya familia imeondolewa. Sisi tunaoshika vitabu tunajua kwamba mwaka huo faida ya kampuni ilipanda. Pengo nimeliziba kwa mikopo ya simu, nayo sasa inanimaliza. Nina nyumba ya vyumba viwili Kisauni isiyokwisha kujengwa, na gari kuukuu. Ramadhani iliyopita wakurugenzi wetu walileta mchele na unga msikitini, mke wangu akaambiwa naye aende akachukue, nikamkataza kwa aibu. Je, mtu kama mimi anastahiki zaka? Je, nimedhulumiwa, ilhali nilitia sahihi kwa mkono wangu? Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandaa malipo ya wenzangu, je, nina sehemu katika dhambi hiyo?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, nitaanza na aibu yako, kwa sababu naona ndiyo iliyokuchelewesha kuuliza. Ramadhani hiyo hiyo, usiku wa kugawa vyakula msikitini kwetu, nilimwona mtu amesimama karibu na mahali pa kuvulia viatu, shati limepigwa pasi, kadi ya kazi ameitia katika mfuko wa kifuani lakini kamba yake ya buluu inachungulia. Alingoja mpaka foleni ikaisha. Nilipomkaribia akaniuliza darsa la baada ya Alfajiri huanza saa ngapi. Nikamjibu, akashukuru, akaenda zake. Nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipotanabahi kwamba darsa hilo amekuwa akilihudhuria kwa miaka. Tangu usiku ule kila nikiifikia aya ya 273 ya Suratul Baqara, inayowataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, wala hawawaombi watu kwa kuwang'ang'ania, huiona ile kamba ya buluu.

Mtume (S.A.W.) amesema, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba maskini si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili, bali ni yule asiyepata cha kumtosheleza, wala watu hawamtambui wakampa sadaka, wala yeye hasimami akaomba. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani yetu, wamechukua dalili katika aya ya 79 ya Suratul Kahf, pale Khidhri alipoeleza kwa nini aliitoboa jahazi: ilikuwa ni ya maskini wafanyao kazi baharini. Angalia vizuri hapo. Watu hao walikuwa na chombo, walikuwa na kazi, na pamoja na hayo Mwenyezi Mungu amewaita maskini. Fakiri, kwa mujibu wa madhehebu, ni asiye na mali wala pato la maana mbele ya haja zake, kama anayehitaji dirhamu 10 akawa na 2 au 3. Maskini ni mwenye 7 au 8 kati ya hizo 10. Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, ameeleza wazi kwamba nyumba ya mtu ya kukaa na nguo zake havimtoi katika ufakiri. Kwa hiyo nyumba yako ya Kisauni haikuzuii. Gari ni suala jingine: likiwa ndilo linalokufikisha kazini, hukumu yake ni kama ya chombo cha kazi, lakini likiwa linalala mlangoni kwa sababu majirani wamezoea kuliona hapo, basi liuze kwanza.

Piga hesabu ya mwezi mmoja ya chakula, maji, umeme, karo, nauli na dawa, bila anasa na bila kujinyima kupita kiasi. Ikiwa 41,000 haziifikii, wewe ni maskini kwa maana ya Qur'ani, na ni halali kwako kupokea zaka hadi utoshelezeke. Ninalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu kamati nyingi za misikiti bado zinamtafuta maskini kwa kuangalia mavazi. Watu wa mshahara ambao wachumi huwaita tabaka la kati, yaani walimu, makarani, manesi na mafundi wa viwandani, wanateremka ngazi hiyo mmoja mmoja huku nguo zao zikiwa bado zimepigwa pasi, na orodha zetu za mafakiri hazijawaandika.

Kuhusu mikopo ya simu sitarefusha, kwani hukumu ya riba unaijua. Mkopo wa shilingi 40,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiurudia mwezi baada ya mwezi, utakutoa shilingi 36,000 kwa mwaka na deni lenyewe liko pale pale. Acha kukopa leo, utubie. Ukishatubu, unaingia pia katika fungu la wenye madeni lililotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, kwa kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kwamba hata aliyekopa katika maasi hupewa akitubia.

Sasa nije kwenye jambo lililo zito zaidi, ambalo wengi hulipitia juu juu kwa kusema kwamba riziki ni ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli riziki ni yake, lakini shilingi 27,000 za mshahara wako zimepunguzwa na mkono wa mtu, na mkono huo una mwenyewe. Uislamu haukatazi faida, wala haumlazimishi mfanyabiashara anayepata hasara kweli kweli abaki na watu asioweza kuwalipa. Lakini kwa maelezo yako hakukuwa na hasara. Nabii Shuaib (A.S.) aliwaambia watu wa Madyan, "wala msiwapunguzie watu vitu vyao," na vitu vya mtu ni pamoja na jasho lake. Katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu amesema kuwa watatu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyeajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kwa ukamilifu, asimpe ujira wake.

Unasema ulitia sahihi. Mikataba ni lazima itekelezwe, na mkataba mpya, maadamu umeukubali, unakufunga kwa muda wake. Lakini ile barua ya kwanza ni habari nyingine, kwa sababu inasimulia jambo ambalo halikutokea. Hukujiuzulu. Mali hailiki, kwa mujibu wa aya ya 29 ya Suratun Nisaa, ila kwa kuridhiana, na mtu aliyewekewa kalamu mbele yake huku akijua kwamba asiposaini atatoka mikono mitupu hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia. Ipo Hadithi katika Sunan ya Abu Daud inayokataza mauziano ya mwenye dhiki. Mnyororo wa wapokezi wake una udhaifu, nami sijengi hukumu juu yake peke yake, ila maana yake inakubaliana na aya hiyo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mafakihi wana kanuni isemayo kwamba kilichozoeleka kwa ada ni kama kilichosharitiwa, na kwa kuwa ulipoajiriwa sheria hiyo ilikuwa sehemu ya ajira za nchi hii, malipo hayo yalikuwa ndani ya mkataba wako wa awali. Kwa miaka 11 ni siku 165. Tukiugawa mshahara wa zamani kwa siku 30 tunapata shilingi 374,000. Mahakama ndiyo itakayoamua kama barua hiyo ni kujiuzulu au ni hila ya kukwepa kifungu hicho, lakini ikithibiti kuwa ni hila, fedha hizo ni deni, na deni haliitwi msaada wala hisani. Wala wakurugenzi wasidhani kwamba watajificha nyuma ya jina la kampuni. Kampuni ni mtu mbele ya msajili tu. Mbele ya Mola atasimamishwa kila aliyeunyoosha mkono wake bodi ilipopiga kura, kwani kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Kuna kisa katika Muwatta ya Imam Malik ambacho natamani kisomwe katika kila mkutano wa wenye hisa. Watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa ameshaamuru wakatwe mikono, kisha akamgeukia bwana wao akamwambia, "Nakuona unawashindisha na njaa." Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake, akaambiwa ni dirhamu 400, naye akamhukumu bwana wa watumwa alipe 800. Kosa lilifanywa na wenye njaa, na faini ikatozwa aliyewanyima.

Ndipo ninapofika kwenye ule mchele. Kama ni zaka ya wakurugenzi hao, basi haifai wampe mfanyakazi wao ikiwa badala ya haki anayowadai, kwa sababu zaka haitumiki kumlindia mtoaji mali yake wala kumwondolea wajibu mwingine ulio juu yake. Mfuko wa unga wa kilo 24 hauondoi hata siku moja katika zile 165. Wewe na mke wako mkipokea chakula hicho kutoka kwa kamati, mmekula halali, na dai lenu limebaki kama lilivyo. Lakini msikiti unaopokea magunia hayo huku ukijua yanatoka wapi una wajibu wa kumwambia mtoaji, faraghani na kwa adabu, alipe madeni ya watu kabla ya sadaka. Najua uzito wa kumwambia hivyo mtu aliyelipia zulia na feni za msikiti. Nimewahi kunyamaza mahali ambapo nilipaswa kusema, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa hilo.

Kuhusu kazi yako ya kuandaa malipo, kuandika kiasi ambacho mtu amelipwa kweli si dhambi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Dhambi ni kuandika uongo, kama vile kurudisha nyuma tarehe za barua, au kujaza neno "hiari" mahali palipokuwa na shuruti. Ukiamrishwa hivyo, kataa. Nakala ulizo nazo kihalali zihifadhi, kwa maana wenzako wakikuhitaji uwe shahidi, aya inayofuata imekataza kuuficha ushahidi.

Madai ya ajira hufa baada ya miaka 3, nawe umeshapoteza mwaka mmoja. Nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti, au chama cha wafanyakazi, wiki hii, pamoja na wenzako wengi kadiri iwezekanavyo. Kuhusu zaka, Mtume (S.A.W.) alimwambia Qabisa bin Mukhariq kwamba mtu aliyepatwa na ufukara huhalalikiwa kuomba pale watu watatu wenye akili katika kaumu yake wanapomshuhudia. Waambie majirani watatu unaowaamini waje kwangu baada ya Isha. Wewe huna haja ya kuja, wala mke wako hatasimama kwenye foleni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.