Nyumbu wa Serengeti: Juni au Desemba?

SWALI: Sisi ni walimu watano wa hapa Tanga, tunachangishana twende Serengeti kuona nyumbu wakihama. Nafasi tunayo likizo ya Juni au Desemba tu. Twende lini?
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, nyumbu hufuata mvua, hawana tarehe. Kwa kawaida mwezi Juni makundi huwa magharibi, karibu na mto Grumeti. Ule uvukaji wa Mto Mara wa kwenye televisheni huwa kaskazini, Kogatende, kati ya Julai na Oktoba. Mkiamua Juni, nendeni mwishoni mwa mwezi na mlale huko huko magharibi. Mkilala Seronera, katikati ya hifadhi, mtaambulia mkia wa msafara.

Sisi tungechagua mwisho wa Desemba. Vuli ikinyesha vizuri, wanakuwa wamesharudi kusini, kwenye nyasi fupi za Ndutu. Ndama msiwatarajie, wengi huzaliwa Februari. Tatizo ni tope: udongo mweusi ukilowa hunasa hata gari la fobaifo, kwa hiyo kabla ya kulipa mwulizeni dereva kama ana koleo na kamba ya kuvutia.

Jambo linalovuruga michango ya wengi: Ndutu kwa sehemu kubwa iko eneo la Ngorongoro, na kiingilio chake ni mbali na cha Serengeti. Pigeni hesabu ya vyote viwili. Kila mtu abebe kitambulisho cha taifa, la sivyo mtatozwa kama wageni. Na Tanga hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Laleni Arusha kwanza.