Kwa mwanangu, kuhusu mwanamke aliyerudi kwa mumewe

Mafinga, Mufindi

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku tuko salama, ila baridi imewahi mwaka huu na baba yako hatoki nje bila koti. Umeuliza swali zito, nami sikutaka kulijibu kwa simu. Ulisema hivi: ikiwa sisi wa kikundi cha kujitolea tunamsindikiza mwanamke aliyepigwa hadi polisi na hospitalini, kisha mwezi haujaisha anarudi kwa mume yuleyule aliyempiga, kazi yetu ina faida gani? Ukaongeza kwamba huko Dodoma umeombwa uwe mlezi wa vijana wa kiume, na hutaki kukubali kabla sijakujibu hilo la kwanza.

Nitakujibu bila kumtaja mtu wala kijiji chake, na hata yule uliyemsikia kwa shangazi yako sitakuambia kama ni yeye au siye. Kwetu siri si adabu tu. Habari ikimfikia mume kwamba mkewe ameonekana akiongea na sisi, anayelipia ni mke, usiku huohuo.

Sisi wa kujitolea hatuhukumu kesi, hatutibu majeraha, na wala hatuvunji ndoa wala kuzipatanisha. Kazi yetu ni kumfikisha mtu kwa wenye kazi hiyo na kukaa naye mpaka asikilizwe. Mwanamke aliyeumizwa anahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, ile ya kwenda nayo hospitalini majeraha yake yaandikwe, na huko tunamwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto ili asieleze masaibu yake mbele ya foleni nzima ya watu wenye kesi za kuku na mipaka. Akiwa na hali mbaya tunatangulia hospitalini, fomu itafuata. Aliyebakwa tunamwomba asioge na asifue nguo alizokuwa amevaa, bali azifunge kwenye karatasi, kisha tunakimbizana na saa, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Wewe mwenyewe unajua Njombe na Iringa zilivyo juu katika takwimu za maambukizi nchini. Saa hizo kwetu si jambo la kwenye mabango. Baada ya hapo kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna msaidizi wa kisheria, ambaye huduma yake ni ya bure na inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Sasa nije kwa huyo aliyerudi. Watu wa mjini hudhani mwanamke hurudi kwa sababu ya mapenzi au ujinga. Hapa Mufindi mwanamke anaweza kuwa amepanda miti ya mbao bega kwa bega na mumewe, miti inayongoja miaka zaidi ya kumi kabla ya kuvunwa, na shamba limeandikwa jina la mume peke yake. Unapomwambia aondoke leo, unamwambia aache jasho lake porini likiwa bado halijawa mbao. Sheria haijamtupa: tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kabla ya kuomba talaka mahakamani kwa kawaida lazima apite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na wakati shauri likienda na kurudi, watoto wanakula nini? Pengine mahari ilipokelewa na kaka zake, nao hawataki kusikia habari ya kuirudisha. Pengine anajua, kuliko sisi tunavyojua, kwamba siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kubwa zaidi, kwa sababu ndipo mume anapoona amri yake imekwisha.

Kwa hiyo akisema anarudi, hatumgombezi wala hatumwambii kwamba ametupotezea muda. Tunamuuliza kama ana nakala ya PF3 na namba ya jalada. Tunamshauri kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli kidogo avihifadhi kwa mtu anayemwamini, na tunakubaliana naye namna ya kuwasiliana, maana simu yake huenda inapekuliwa kila jioni. Wapo miongoni mwetu wanaokasirika na kumwacha. Hao, kwa maoni yangu, hawakuja kumsaidia mwanamke bali kuona mwisho wa hadithi. Mtu aliyekwisha kutawaliwa na mume hahitaji kutawaliwa na mfadhili, na anayeachwa kwa karipio hatabisha hodi mara ya pili hata akivunjwa mkono. Faida uliyoiuliza iko hapo: anayerudi nyumbani akijua njia na mlango wa kugonga si yule aliyekuja mara ya kwanza.

Kwa mtoto hali ni tofauti kabisa. Mtoto akiumizwa hatungoji uamuzi wa mama wala wa mjumbe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, na namba 116, simu ya kusaidia watoto, inapigwa bure.

Nawe utauliza kama kuna kinachobadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 27. Sitajigamba kwamba ni sisi, na hiyo 27 bado ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, ilikwisha kutamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vinginevyo. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, lakini msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika bado unasikia mwanamume akisema kilabuni kwamba mke asiyepigwa hajui kama anapendwa, na vijana pembeni wanacheka.

Ni kwa ajili ya hao vijana wanaocheka ndiyo nakuomba ukubali. Baadhi yao wamewaona mama zao wakiondoka na kurudi, na hakuna aliyewauliza walilala wapi usiku ule. Usiwaendee na hotuba juu ya ukatili; watakuitikia vizuri na hawatasema lolote. Fanya nao kazi ya mikono au mpira, waache waone unavyomjibu mtu aliyekukosea, na siku mmoja atakapouliza jambo kuhusu msichana wake, usicheke. Ulezi huu hauna haraka, ila unataka uaminifu wa siku. Kijana aliyezoea baba wa ahadi hewa atakupima kwa hilo kabla ya yote, kwa hiyo kama huwezi kila Jumamosi, waambie mapema ni Jumamosi zipi. Kutaneni mahali pa wazi, wazazi wao wajue, usibaki na mtoto peke yenu ndani ya chumba kilichofungwa, na akikueleza kwamba anaumizwa nyumbani usimwahidi kuificha siri hiyo, bali mwambie ni nani utakayemwona na kwa nini.

Kabla ya kuanza, waombe viongozi wa kikundi kilichokuomba huko Dodoma wakutambulishe kwa mtendaji wa kata na kwa afisa ustawi wa jamii. Wakisita kufanya hivyo, baba, tafuta kikundi kingine.

Mama yako