Mbona sioni nikikua?

Bwana Yesu asifiwe. Maswali ya wiki hii, kutoka Moshi na Arusha, karibu yote yananung'unikia ukuaji wa kiroho usioonekana.

Niliokoka miaka mitatu iliyopita. Wenzangu sasa wanahubiri, mimi mteja akinikazia bei hapa Kiborloni bado nawaka. Kweli nimeokoka? – Dada wa mitumba, Moshi

Dada, kushika kipaza sauti ni huduma. Kukua ni jambo jingine. Katika Wagalatia 5 Paulo anataja upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengineyo kuwa tunda la Roho. Kuhubiri hakumo. Na katika Marko 4 Yesu anasimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu, akawa analala na kuamka, mbegu ikamea na kukua asivyojua yeye. Hakuwa mvivu, kuotesha tu ndiko hakukuwa kazi yake. Huyo Paulo naye, kwa maelezo yake katika Wagalatia 1, ilipita miaka mitatu ndipo akapanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro, na ya miaka hiyo hasimulii mengi.

Sasa nikuulize: ukishawaka, jioni roho inakusuta? Zamani ilikusuta? Waulize wa nyumbani kwako, wao wanakuona kuliko unavyojiona. (Ila mteja anayetaka gauni la elfu kumi kwa buku, hata mimi angenijaribu.)

Mtumishi mmoja ameniambia nimefungwa kiroho, nitoe laki mbili nifunguliwe. – Kaka wa Sakina, Arusha

Usitoe. Simoni wa Matendo 8 alileta fedha apate uwezo wa Roho, Petro akamkemea yeye na fedha zake. Kama ada ya watoto haijalipwa, laki mbili zianzie huko.

Kama mwenye kukuza ni Mungu, mimi nisome Neno na kuomba kwa nini? – Kijana, Machame

Mwanangu, mstari huohuo unaosema Mungu ndiye mwenye kukuza, 1 Wakorintho 3:6, una Paulo anayepanda na Apolo anayetia maji. Wewe umekulia kwenye kahawa: baba anapalilia na kufungulia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, lakini hawezi kuliumba ua hata moja. Jembe halitupi kwa sababu hiyo.

Mwanangu amemaliza chuo, Jumapili analala tu. Nimeomba hadi nimechoka. – Mama, Marangu

Shikamoo mama. Monika, Mwafrika wa kaskazini, alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi, akamfuata hadi Italia. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, na mama akafariki mwaka huohuo. Siwezi kukuahidi tarehe, maana Monika naye hakupewa. Endelea kuomba, hata kwa maneno machache. Ila usimsute mbele ya wageni, wala usimgeuze mchungaji kuwa polisi wake. Ukitoka ibada, akikuuliza yaliyohubiriwa, msimulie. Asipouliza, pakueni chakula mle.